Kompyuta mpya isiyowaka: tusiihukumu madabodi kabla ya kuichunguza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi wanaonunua vipuri na kujiungia wenyewe kompyuta ya mezani, jambo ambalo kwa maoni yangu linawapotezea fedha na kuwavunja moyo bila sababu. Mtu amekusanya vipuri vyake kidogo kidogo, amefunga kila kitu ndani ya kasha, amebonyeza kitufe cha kuwashia, na kimya; au feni zimezunguka na taa zimewaka lakini skrini imebaki nyeusi. Akiuliza kwa wanaoonekana kuwa wajuzi, kabla hata hajamaliza kueleza anaambiwa kwamba madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, imekufa au prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, imeungua, akanunue nyingine. Mimi ni fundi wa kompyuta, kazi hii ndiyo ninayoifanya kila siku, na ninaandika kupinga jibu hilo kwa nguvu zangu zote.

Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi jana na leo ikagoma, ni haki kushuku kwamba kuna kitu ndani yake kimeharibika, kwa sababu maungio yake yalikwisha kuthibitishwa na kazi yenyewe. Kompyuta ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja ni kesi nyingine kabisa. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba waya zake zimekaa mahali pake, kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imeingia hadi mwisho, wala kwamba madabodi inaitambua prosesa iliyopachikwa juu yake. Vipuri vinavyotoka kiwandani vikiwa vibovu vipo, wala sikatai, lakini ni vichache kuliko maungio yaliyokosewa, na ndiyo maana mwenye kompyuta mpya anapaswa kuichunguza kwanza kazi ya mikono kabla ya kukilaumu kiwanda.

Tatizo linaanzia kwenye namna tunavyolieleza. Tunasema kompyuta "haiwaki", na kwa neno hilo moja tunafunika hali tatu zisizohusiana: kompyuta isiyopata umeme kabisa, kompyuta inayopata umeme lakini haileti picha, na kompyuta inayoleta picha vizuri ila inashindwa kufikia mfumo endeshi kama Windows. Anayetaka kusaidiwa, au kujisaidia, aanze kwa kusema yuko katika hali ipi, kwa kuwa dawa ya hali moja haina faida yoyote katika nyingine. Nimekuta watu wakipangusa RAM kwa kifutio kwenye kompyuta ambayo pawa saplai yake, kile kisanduku kinachoigawia umeme, haijawashwa swichi ya nyuma, na wengine wakibadilisha pawa saplai kwenye kompyuta inayoonyesha nembo ya mtengenezaji kila inapowashwa.

Kuwaka kwa kompyuta ni mfululizo wa hatua, na kila hatua husubiri iliyotangulia. Pawa saplai ikishachomekwa ukutani na swichi yake ya nyuma ikiwashwa, hutoa mkondo mdogo wa volti 5 wa kusubiria hata kabla kitufe hakijaguswa. Kitufe cha mbele ya kasha hakibebi umeme wa kompyuta. Kazi yake ni kugusanisha pini mbili za madabodi kwa kitambo kidogo, na madabodi ndiyo inayoiambia pawa saplai ianze. Pawa saplai huanza, hupima volti zake, na zikishatulia hutuma ishara ya kwamba umeme ni mzuri, ishara ambayo kwa kanuni za ATX, zinazofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, hufika kati ya milisekunde 100 na 500. Prosesa hushikiliwa isianze mpaka ishara hiyo ifike. Baada ya hapo ndipo BIOS, programu ndogo ya kuanzishia iliyomo kwenye madabodi, huanza kazi, hukagua prosesa, huiandaa RAM, hutafuta kadi ya grafiki inayotoa picha, kisha hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Ukaguzi huu wa kompyuta kujipima yenyewe si mpya. Ile ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa nao, pamoja na mlio wake wa kutoa taarifa. Swali la fundi kwa hiyo ni kompyuta imefika hatua gani ikasimama, na swali la kipi kimekufa lisubiri hilo lijibiwe.

Nianze na ile iliyo kimya kabisa. Thibitisha tundu la ukutani kwa kifaa kingine, hakikisha swichi ya nyuma ya pawa saplai imewekwa upande wenye alama ya mstari na si upande wenye duara, na kama pawa saplai ni ya zamani yenye kitufe chekundu cha kuchagua volti, angalia kitufe hicho kabla ya kuchomeka chochote, kwa sababu ikipangwa kwa volti 115 mahali ambapo umeme ni wa volti 230 itaungua papo hapo. Kisha tazama nyaya nyembamba zinazotoka mbele ya kasha. Pini zake kwenye madabodi zimesongamana kwenye kona, kwa kawaida ni 9 katika safu mbili, na mpangilio uliozoeleka unaziweka pini za kitufe cha kuwashia katika nafasi ya 6 na ya 8, lakini kitabu cha madabodi yako ndicho kinachopaswa kuaminiwa. Plagi ya kitufe haina upande wa chanya wala hasi, kwa hiyo kuigeuza hakudhuru. Ikisogea pini moja tu pembeni, kitufe hakitafanya kitu. Ili kujua kama kosa ni la kitufe, chomoa plagi hiyo na uguse pini hizo mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa muda mfupi. Kompyuta ikiwaka, madabodi ni nzima na pawa saplai ni nzima, na ulichokuwa ukikitafuta ni waya wa kasha.

Ikiwa bado ni kimya, nenda kwenye plagi kubwa ya pini 24. Plagi hii ni ngumu kuliko watu wanavyotarajia. Huonekana imekaa ilhali upande mmoja umebaki juu kidogo, na kinachoithibitisha ni kibano chake kushika kwenye ulimi wa soketi. Ndipo uipime pawa saplai peke yake, ikiwa imetolewa kwenye vipuri vingine vyote. Ikiwa imechomolewa ukutani, unganisha pini ya 16 ya ile plagi kubwa, ambayo kwa rangi za zamani ni waya wa kijani, na pini yoyote ya waya mweusi kwa kipande cha waya, kisha uichomeke na kuiwasha. Feni yake ikizunguka ni dalili njema, ingawa zipo pawa saplai za siku hizi ambazo feni haizunguki mpaka joto lipande, na hiyo isikudanganye. Mwenye multimita apime: mstari wa volti 12 uwe kati ya 11.4 na 12.6, ule wa volti 5 uwe kati ya 4.75 na 5.25, na ule wa 3.3 uwe kati ya 3.14 na 3.46. Lakini pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata kama unajiona jasiri, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua baada ya kuchomolewa.

Hapa lazima niseme kwa msisitizo kuhusu nyaya za pawa saplai ambazo huchomolewa pande zote mbili. Upande unaoingia kwenye madabodi au diski umewekewa kanuni, na upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kanuni yoyote inayowafunga watengenezaji wote. Waya wa pawa saplai ya aina moja unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye pawa saplai ya aina nyingine na huku umepanga volti 12 mahali panapopaswa kuwa na volti 5. Diski huungua kwa namna hiyo, na kumbukumbu za miaka za mwenye mali huondoka nazo. Yeyote anayebadilisha pawa saplai katika harakati za kutafuta tatizo na kuacha nyaya za zamani ndani ya kasha kwa kuwa zimeshafungwa vizuri, anaweka mali yake hatarini, na ninasikitika kuona ushauri wa kubadilisha pawa saplai ukitolewa kila mahali bila tahadhari hii.

Hali ya pili ndiyo inayowachanganya wengi: feni zinazunguka, taa za rangi zinang'aa, na skrini haina kitu. Kuzunguka kwa feni hakuthibitishi mengi, kwa sababu feni zinahitaji volti 12 tu na hazijui kama prosesa imeanza. Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko nyingine zote ni plagi ya umeme wa prosesa iliyosahauliwa. Iko kwenye kona ya juu ya madabodi, ina pini 8, na hufichwa na kipoza joto na ukingo wa kasha. Bila plagi hiyo, kwa kawaida kila kitu kitaonekana kuwa hai isipokuwa prosesa. Isichanganywe na plagi ya pini 8 ya kadi ya grafiki. Ya prosesa hugawanyika kuwa 4 na 4, ya kadi ya grafiki hugawanyika kuwa 6 na 2, na mpangilio wa chanya na hasi ndani yake umepinduliwa. Maumbo ya pini hutofautiana makusudi ili isiingie, kwa hiyo plagi inayokataa isilazimishwe.

Sababu ya pili ni ndogo kiasi kwamba watu huona haya kuiangalia. Waya wa skrini umechomekwa kwenye tundu la madabodi wakati kuna kadi ya grafiki chini yake. Unapokuwa na kadi, waya uende kwenye kadi. Kama huna kadi, uliza kwanza kama prosesa yako ina sehemu ya picha ndani yake. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F, kama Core i5-12400F, hazina. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600 haina, na Ryzen 5 5600G inayo. Mtu aliyenunua prosesa isiyo na picha na asiwe na kadi hataona chochote kwenye skrini hata abadilishe madabodi kila siku, na hakuna kilichoharibika.

Baada ya hapo, tazama madabodi yenyewe inasema nini. Madabodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo kwenye ukingo, zenye maandishi CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski yenye mfumo endeshi), na kompyuta inapowaka taa hizo hupokezana kadiri ukaguzi unavyosonga mbele. Taa inayobaki imewaka ndiyo hatua iliyokwama. Nyingine zina kioo kidogo cha tarakimu mbili, na nyingine zina pini za kuchomekea spika ndogo ya kutoa milio, ambayo siku hizi mara nyingi haiji kwenye kasha ila huuzwa peke yake. Ni kipuri kidogo kisicho na gharama ya kutisha, na ningependa kila anayejiungia kompyuta awe nacho, kwa sababu mlio mmoja humaliza mabishano ya siku nzima. Maana ya milio hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo isomwe kwenye kitabu cha madabodi hiyo hiyo.

Taa ya DRAM ndiyo inayonifanya niandike kwa uchungu, kwa kuwa ndiyo inayowatuma wengi dukani bila sababu. RAM huingia kwa nguvu kuliko anayeifunga kwa mara ya kwanza anavyothubutu kuitumia. Isukumwe kwa vidole gumba pande zote mbili mpaka kibano kijifunge chenyewe kwa mlio. Soketi nyingine zina kibano upande mmoja tu, na upande usio na kibano ndio unaobaki juu. Kwenye madabodi yenye soketi nne, RAM mbili huwekwa kwa kawaida katika soketi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, na ukiwa na moja iweke katika ile ya pili. Kisha ijaribiwe moja moja: RAM ya kwanza peke yake, halafu ya pili peke yake katika soketi ile ile, halafu katika soketi nyingine, maana kwa njia hii utajua kama lawama ni ya RAM au ya soketi. Vizazi viwili vya RAM, DDR4 na DDR5, vyote vina pini 288, ila mwanya wake umewekwa mahali tofauti na haziingiliani kamwe. Anayehisi RAM inagonga katikati aache kusukuma na asome lebo.

Na lipo jambo jipya ambalo mafundi wa zamani hatukuwa nalo. RAM za DDR5, hasa kwenye madabodi za AM5, soketi ya prosesa za AMD, zilizoingia sokoni mwaka 2022, hufanyiwa mazoezi na BIOS katika uwashaji wa kwanza ili kupima namna mawimbi yanavyosafiri kati yake na prosesa. Wakati huo skrini ni nyeusi, taa ya DRAM imewaka, na kompyuta inaweza hata kujizima na kujiwasha. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na kwa RAM nyingi huweza kupita dakika 10. Mwenye kompyuta, akiwa na wasiwasi, huikata umeme katikati na kuanza upya, na kila anapokata mazoezi huanza tena mwanzoni. Kwa hiyo anaiona kompyuta haiwaki kamwe, ilhali yeye ndiye anayeizuia. Ikiwa ni mara ya kwanza na ni DDR5, iache robo saa bila kuigusa kabla ya kutoa uamuzi wowote.

Taa ya CPU nayo haimaanishi kwamba prosesa imekufa. Mara nyingi ina maana kwamba BIOS iliyomo kwenye madabodi iliandikwa kabla ya prosesa hiyo kutengenezwa. Soketi ya AM4, iliyoitangulia AM5, ilidumu vizazi vingi, na madabodi ya mwaka 2018 iliyokaa kwenye boksi lake haiwezi kuitambua Ryzen 5000 iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020 mpaka BIOS isasishwe, ingawa prosesa inaingia kwenye soketi bila tabu. Vivyo hivyo, madabodi za kwanza za LGA 1700, soketi ya Intel, za mwaka 2021 zilihitaji BIOS mpya ili zikubali prosesa za Intel za kizazi cha 13. Jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 kampuni ya AMD yenyewe ililazimika kuwaazima wateja prosesa za zamani ili tu waweze kuwasha madabodi zao na kusasisha BIOS. Leo madabodi nyingi zina kitufe cha nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi bila hata kuwa na prosesa: flashi ipangwe kwa mfumo wa FAT32, faili lipewe jina linaloelekezwa na kitabu, ichomekwe kwenye tundu lililowekewa alama, kisha taa ya kitufe iachwe imetemete mpaka izime yenyewe. Umeme ukikatwa katikati ya kazi hiyo, hapo ndipo madabodi inaweza kufa kweli.

Kama BIOS ni sahihi na taa ya CPU bado inawaka, toa prosesa na uichunguze soketi kwa mwanga wa pembeni. Soketi ya LGA 1700 ina pini 1700 za chuma nyembamba kama unywele, ya AM5 ina 1718, na moja iliyolala inatosha kuzuia kompyuta isiwake au kufanya nusu ya RAM isionekane. Kipoza joto kilichokazwa upande mmoja zaidi ya mwingine nacho huweza kuleta dalili hiyo hiyo, na katika hali hiyo kulegeza skrubu na kuzikaza upya kwa kupokezana pembe kwa pembe ndiyo tiba yote.

Mhariri, kati ya kompyuta nilizoletewa ipo moja ambayo ningependa wasomaji wako waifahamu kwa karibu. Ukibonyeza kitufe, feni ya prosesa ilijitikisa robo mzunguko na kusimama. Ukibonyeza tena, kimya mpaka uichomoe ukutani na kuirudishia. Mwenyewe alikuwa kijana mwanafunzi, na kwa ushauri aliopewa alikuwa amekwisha kununua pawa saplai ya pili na madabodi ya pili, na ya pili ikafanya vile vile kama ya kwanza. Madabodi mbili mpya kuwa na ugonjwa mmoja ni jambo linalopaswa kumwambia fundi kwamba ugonjwa hauko kwenye madabodi. Feni inayojitikisa na kufa ni dalili ya shoti: pawa saplai imeanza, imeona mkondo unaopita kiasi, ikajifunga ili kulinda vipuri. Nilipoinyanyua madabodi kutoka kwenye kasha, nyuma yake kulikuwa na alama ndogo ya mkwaruzo unaong'aa, na mbele yake kwenye bati la kasha kulisimama nguzo fupi ya shaba mahali ambapo madabodi ya ukubwa ule haina tundu. Kiwanda kilikuwa kimeifunga kwa ajili ya madabodi kubwa zaidi. Nguzo ile ilikuwa ikigusa sehemu zilizolehemiwa nyuma ya madabodi na kuupeleka umeme wake kwenye bati. Niliifungua kwa koleo, nikairudisha madabodi, na kompyuta ikawaka ikiwa na madabodi yoyote kati ya zile mbili.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kompyuta inayokataa itolewe nje ya kasha mapema, kabla ya kununua chochote. Weka boksi la madabodi juu ya meza kavu, weka madabodi juu ya boksi hilo, na ubakize prosesa, kipoza joto, RAM moja na pawa saplai, pamoja na kadi ya grafiki ikiwa prosesa haina picha. Diski, feni za ziada, taa za rangi na vifaa vya USB vyote vikae pembeni. Gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kushika vipuri ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Futa kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, ama kwa pini zake ama kwa kutoa betri ya CR2032 kwa dakika chache, kompyuta ikiwa imechomolewa. Iwashe kwa bisibisi. Ikiwaka hapo, rudisha kipuri kimoja, iwashe tena, rudisha kinachofuata. Kipuri kitakachoizima ndicho chenye jambo, au mahali kinapokaa ndipo penye jambo. Anayeongeza vipuri vitatu kwa mara moja ili kuokoa muda atarudi mwanzo, na muda aliotaka kuuokoa utakuwa umepotea.

Kompyuta inayowaka sekunde chache na kujizima yenyewe ihukumiwe kwa kipoza joto kwanza: plastiki ya kinga iliyosahauliwa chini yake, plagi ya feni au ya pampu isiyochomekwa, au kipoza joto kisichoigusa prosesa vizuri.

Hali ya tatu sitakaa nayo sana, kwa sababu ukishafika kwenye ukurasa wa BIOS vipuri vikuu vimeshajithibitisha. Diski ya zamani iliyogawanywa kwa mtindo wa kale wa MBR haitawaka kwenye kompyuta inayotumia UEFI, yaani BIOS ya kisasa, peke yake. Diski nyembamba ya M.2 inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi ina aina mbili za mawasiliano, SATA na NVMe, na ya SATA haitaonekana kwenye soketi inayokubali NVMe tu, na kwenye madabodi nyingine kutumia soketi moja ya M.2 huzima baadhi ya matundu ya SATA, jambo ambalo limeandikwa kwenye kitabu kwa herufi ndogo. Na anayeweka Windows kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea akiambiwa hakuna diski, mara nyingi anahitaji kupakia dereva la VMD, mpango wa Intel wa kusimamia diski, au kuizima VMD yenyewe kwenye BIOS, wala diski yake haina kosa.

Ombi langu liko kwa makundi mawili. Wauzaji wa madabodi waandike kwenye boksi, kwa maandishi yanayosomeka, toleo la BIOS lililomo ndani na vizazi vya prosesa ambavyo toleo hilo linavikubali siku ile ile ya mauzo, bila kutegemea usasishaji. Wapo watengenezaji wanaobandika lebo ya namna hiyo, kwa hiyo linawezekana, na muuzaji anayemuuzia mteja madabodi na prosesa kwa pamoja huku akijua kwamba haviwezi kuwaka bila kusasishwa ana wajibu wa kumwambia au kumsasishia.

Kundi la pili ni sisi mafundi na wote wanaopenda kutoa ushauri. Mtu akikwambia kompyuta yake mpya haiwaki, mwulize feni zinafanya nini, taa ipi imewaka, waya wa skrini uko wapi, RAM iko soketi ya ngapi, ameisubiri kwa muda gani, na kama amejaribu nje ya kasha. Maswali hayo hayamgharimu chochote, na akishayajibu utakuwa na kitu cha kushika mkononi. Na ikithibitika baada ya hayo yote kwamba kipuri ni kibovu kweli, mwandikie kwenye karatasi majaribio yaliyofanyika na matokeo yake, ili akienda kudai abadilishiwe kwa dhamana awe na maelezo ambayo muuzaji hawezi kuyapuuza.

Wako,
Fundi wa kompyuta na msomaji wa gazeti lako